Mwanasiha wa Meno: Jina la Kazi na Masomo Yake

Utangulizi

Miongoni mwa majina ya kazi yanayowasumbua wafasiri wa nyaraka za afya na za elimu, limo jina moja la Kiingereza ambalo likiandikwa kwa matamshi ya Kiswahili huwa haijinisti wa meno. Jina hili hutokea katika vyeti vya watu waliosoma Marekani, Kanada na Uingereza, katika vitabu vya kuwaelekeza wanafunzi juu ya kazi za kuchagua, katika fomu anazotia sahihi mgonjwa kabla ya kutibiwa, na katika maombi ya kazi yanayofika mezani kwa watumishi wa serikali. Mfasiri aliye na haraka huweza kuliita daktari wa meno, au tabibu wa meno, au muuguzi wa meno, au fundi wa meno, au msafisha meno. Majina haya matano si visawe. Manne ya kwanza yana wenyewe tayari, na la tano lina kasoro ambayo tutaieleza.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jina la kazi ya kitaalamu halipatikani kwa kulifunua neno la kigeni na kuzitafsiri sehemu zake moja moja. Hupatikana kwa kutazama mambo mawili: mtu huyo amefundishwa nini, na sheria imemruhusu kufanya nini. Kwa hiyo tutayapitia masomo na masharti ya kazi hii hatua kwa hatua, tukionyesha njiani mitego ya istilahi inayomngojea mfasiri, kisha tutatoa pendekezo letu la jina. Tumechagua masharti ya Marekani kwa sababu huko ndiko kazi hii ilikoanzia, na huko ndiko jina lenyewe lilikobuniwa.

Asili ya kazi na ya jina

Mnamo mwaka 1906 daktari wa meno mmoja wa mji wa Bridgeport, katika jimbo la Connecticut, aitwaye Alfred Fones, alimfundisha msaidizi wake Irene Newman, ambaye pia alikuwa binamu yake, kukwangua ukoga na kung'arisha meno ya wagonjwa. Fones aliamini kwamba maradhi mengi ya kinywa yanaweza kuzuilika iwapo meno yatasafishwa barabara kila baada ya muda maalumu, na iwapo mgonjwa mwenyewe atafundishwa kuyatunza nyumbani. Daktari aliyeshughulika na kuziba na kung'oa meno mchana kutwa hakuwa na nafasi ya kuifanya kazi hiyo ipasavyo. Ilihitaji mtu wake.

Mwezi wa Novemba 1913 Fones alifungua chuo mjini Bridgeport. Miongoni mwa waliofundisha walikuwamo maprofesa kutoka vyuo vikuu kama vile Yale na Harvard. Mwaka 1914 wanafunzi 27, wote wanawake, walihitimu, na wengi wao waliajiriwa katika shule za mji huo kusafisha meno ya watoto na kuwafundisha utunzaji wa kinywa. Mwaka 1917 Irene Newman alipewa leseni na jimbo la Connecticut, akawa mtu wa kwanza kupewa leseni ya kazi hii.

Wakati huo jina la muuguzi wa meno lilikuwa karibu na lingeweza kuchukuliwa bila taabu. Fones hakulitaka, kwa kuwa muuguzi katika mawazo ya watu ni mtu anayehusiana na ugonjwa, ilhali yeye alitaka jina litakaloelekeza fikira kwenye afya na kinga. Basi akajenga jina jipya juu ya neno lenye asili ya Kigiriki. Wayunani wa kale walikuwa na mungu wa kike aliyeitwa Hygieia, binti wa Asklepios, mungu wa uganga. Baba ndiye aliyeponya, na binti ndiye aliyehifadhi afya isiharibike. Kiini cha jina hili, basi, ni afya inayolindwa. Maana ya usafi ilikuja baadaye katika mazungumzo ya kila siku, kwa kuwa usafi ni mojawapo ya njia za kuilinda afya hiyo.

Tumeanza na historia hii kwa sababu inatuonyesha kwamba mbunaji wa jina alikabiliwa na swali lile lile linalotukabili sisi: je, mtu huyu aitwe kwa chombo anachoshika, kwa ugonjwa anaokutana nao, au kwa lengo la kazi yake? Fones alichagua lengo.

Masharti ya kuingia chuoni

Mtu anayetaka kusomea kazi hii nchini Marekani hana budi kwanza amalize shule ya sekondari. Kisha, kabla ya kukubaliwa katika mafunzo yenyewe, vyuo vingi humtaka awe amefaulu masomo kadhaa ya awali: baiolojia, kemia, anatomia, fiziolojia, elimu ya vijidudu, Kiingereza, na mara nyingi saikolojia na sosholojia. Masomo hayo huchukua muda wa mwaka mmoja hivi. Mafunzo ya kazi yenyewe ni ya miaka miwili ya masomo kamili, wala hayaruhusiwi kuwa mafupi zaidi ya hapo. Kwa hesabu hiyo, mwanafunzi wa kawaida hutumia takriban miaka mitatu tangu alipoanza mpaka anapohitimu. Wako pia wanaoendelea mpaka shahada ya kwanza ya miaka minne, hasa wale wanaotaka kufundisha, kufanya utafiti, au kusimamia miradi ya afya ya jamii.

Hapa pana mitego miwili. Mtego wa kwanza ni jina la tuzo. Wengi wa wahitimu hupewa tuzo ambayo kwa Kiingereza cha Marekani huitwa shahada, lakini hutolewa chini ya shahada ya kwanza. Mfasiri akiandika shahada peke yake, mwajiri wa Dar es Salaam au Nairobi atadhani ni shahada ya chuo kikuu. Sisi tunashauri liandikwe neno stashahada, na idadi ya miaka ya masomo itajwe katika tafsiri ile ile, ili msomaji apime mwenyewe. Mtego wa pili ni jina la chuo. Vingi vya vyuo hivi ni vya aina ambayo neno kwa neno lingekuwa chuo cha jamii, na mfasiri wa Tanzania huweza kuvutwa kuandika chuo cha maendeleo ya wananchi. Hilo ni kosa, maana chuo cha maendeleo ya wananchi ni asasi mahususi ya Tanzania, yenye historia yake na malengo yake ya elimu ya watu wazima na stadi za kazi.

Mafungu manne ya masomo

Vyuo vya kazi hii huongozwa na viwango vya Kamisheni ya Ithibati ya Elimu ya Meno ya Marekani. Viwango hivyo huyagawa masomo katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni elimu ya jumla: ufasaha wa kusema na kuandika, saikolojia na sosholojia. Msomaji huenda akajiuliza mkwangua ukoga ana haja gani na sosholojia. Jibu ni kwamba nusu ya kazi yake ni kumshawishi mtu abadili mazoea, naye hawezi kuyabadili mazoea asiyoyaelewa.

Fungu la pili ni sayansi za mwili: anatomia, fiziolojia, kemia na baiokemia, elimu ya vijidudu, elimu ya kinga ya mwili, elimu ya magonjwa, lishe na elimu ya dawa. Mgonjwa anayekalia kiti huja na mwili mzima, si na meno peke yake. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aweza kutokwa damu kwa muda mrefu baada ya kukwanguliwa, na mwenye kisukari huwa na hatari kubwa zaidi ya kuharibikiwa na fizi.

Fungu la tatu ni sayansi za meno: maumbo ya meno, anatomia ya kichwa na shingo, ukuaji wa kinywa tangu kiinitete, magonjwa ya kinywa, upigaji wa picha za eksirei, elimu ya fizi na mashikizo ya jino, uzuiaji wa maumivu, na elimu ya vifaa vinavyotumika katika tiba ya meno.

Fungu la nne ni taaluma yenyewe: uchunguzi na usafishaji wa kinywa, ushauri wa kinga, afya ya kinywa katika jamii, huduma kwa wazee na watu wenye ulemavu, namna ya kukabili dharura, uzuiaji wa maambukizo, sheria na maadili.

Istilahi za mafungu haya si zote zinazotaka kubuniwa. Kiswahili kina hazina yake. Tuna chonge na gego, tuna ufizi, tuna ukoga, tuna ganzi iliyo tofauti na nusukaputi. Ganzi huondoa maumivu mahali pamoja huku mtu akiwa macho, nusukaputi humlaza. Mfasiri atakayeandika nusukaputi mahali pa ganzi atamtisha mgonjwa bure.

Hata hivyo, yako maneno yanayotaka kupambanuliwa. Tuchukue ukoga. Ukoga unaofanyika juu ya jino kila siku ni utando laini uliojaa vijidudu, nao huondolewa kwa mswaki. Ukiachwa, huingiwa na chumvichumvi za mate ukawa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauuwezi tena. Ni lazima ukwanguliwe kwa chombo. Kiingereza kina maneno mawili kwa hali hizi mbili, ilhali sisi hutumia moja. Tunapendekeza ukoga laini na ukoga mgumu. Maneno haya ni mepesi, na mgonjwa huyaelewa mara tu ayasikiapo.

Jambo la pili ni maradhi yenyewe. Fizi zikivimba na kutoka damu kwa sababu ya ukoga, hali hiyo hutibika kabisa ukoga ukiondolewa. Lakini maradhi yakishuka chini, yakala mfupa na nyuzi zinazolishika jino, mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe, na jino hatimaye hulegea. Tafsiri nyingi huyaita yote mawili ugonjwa wa fizi, na hivyo mgonjwa hawezi kujua kama anaambiwa habari njema au mbaya. Sisi tungependa hali ya kwanza iitwe ugonjwa wa fizi, na ya pili ugonjwa wa mashikizo ya jino. Neno kiseyeye lisitumiwe kwa lolote kati ya hayo, kwa kuwa ni jina la ugonjwa utokanao na upungufu wa vitamini C.

Jambo la tatu ni floraidi, madini yanayoliimarisha jino yanapotumiwa kwa kiasi. Vitabu vya Marekani huyasifu, na mtaalamu wetu hufundishwa kuyapaka juu ya meno. Lakini mfasiri anayewaandikia wasomaji wa Arusha na sehemu za Kilimanjaro akumbuke kwamba huko maji ya chemchemi na visima vingi yana floraidi nyingi kupita kiasi, nayo ndiyo inayoyatia rangi ya kahawia meno ya watoto wakuao huko. Sentensi isemayo kwamba floraidi ni nzuri kwa meno, ikifasiriwa bila kutaja kiasi, huweza kumpotosha mzazi.

Mafunzo ya vitendo

Mwanafunzi huanza kwa kujizoeza juu ya vichwa na meno ya bandia, na kwa kuchunguzana na wenzake, kwa muda usiopungua saa sita kwa juma. Akiruhusiwa kuwagusa wagonjwa, mwaka wa kwanza hufanya kazi kliniki kwa saa 8 hadi 12 kwa juma, na mwaka wa mwisho saa 12 hadi 16, chini ya macho ya walimu. Saa hizi hazihesabiwi pamoja na zile za darasani.

Kazi ya kliniki ina utaratibu wake. Kwanza mwanafunzi humwuliza mgonjwa habari za afya yake na dawa anazotumia, humpima shinikizo la damu, humpapasa shingo na kumtazama ulimi, mashavu na kaakaa, akitafuta vidonda au uvimbe unaoweza kuwa dalili ya saratani. Kisha hupima kina cha mfereji uliopo kati ya jino na ufizi kwa chombo chembamba chenye alama za milimita. Kila jino hupimwa mahali sita, hata mtu mzima mwenye meno yote 32 hupimwa mara 192. Milimita moja hadi tatu ni hali ya afya. Zikizidi hapo, pana jambo la kuangaliwa. Baadaye hukwangua ukoga mgumu juu ya ufizi na chini yake, hung'arisha meno, hupaka floraidi panapohitajika, humfundisha mgonjwa, na mwisho huandika yote aliyoyaona na kuyafanya.

Wafasiri wa miongozo ya kazi wayatenge vitenzi vya utaratibu huu. Kupiga mswaki hufanywa na kila mtu nyumbani. Kukwangua ni kuondoa ukoga mgumu kwa chombo cha chuma au kwa mashine ya mtetemo. Kung'arisha ni kulainisha uso wa jino baada ya kukwangua. Akiviita vyote vitatu kusafisha meno, mwongozo wake hautamfaa mwanafunzi wala mwalimu.

Kumbukumbu za kliniki zina hatari nyingine, nayo ni hesabu ya meno. Wamarekani huyahesabu meno ya mtu mzima kuanzia 1 hadi 32, wakizunguka kinywa. Nchi nyingi nyingine, pamoja na Shirika la Afya Duniani, hutumia tarakimu mbili: ya kwanza huonyesha robo ya kinywa, na ya pili huonyesha nafasi ya jino kutoka katikati. Basi jino nambari 18 katika kumbukumbu ya Kimarekani ni gego la pili kutoka mwisho, taya la chini, upande wa kushoto; na jino 18 katika utaratibu wa tarakimu mbili ni gego la mwisho la taya la juu, upande wa kulia. Mfasiri anayeinakili nambari bila kueleza utaratibu wake anaweza kumfanya mtu ang'olewe jino zima. Tunashauri nambari iachwe kama ilivyo, na pembeni yake liandikwe jino kwa maneno. Wala tusisahau kwamba kulia na kushoto ni kwa mgonjwa, si kwa anayemtazama.

Mitihani na leseni

Kuhitimu chuo hakumpi mtu ruhusa ya kufanya kazi. Kila jimbo la Marekani lina bodi yake, nayo kwa kawaida hudai mambo matatu: cheti cha chuo chenye ithibati, kufaulu mtihani wa taifa wa maandishi, na kufaulu mtihani wa vitendo. Majimbo mengi huongeza mtihani wa sheria za jimbo, na hutaka mwombaji awe na mafunzo ya kuokoa maisha pale moyo unaposimama. Jimbo la Alabama lina njia ya pekee: humruhusu mtu kujifunza akiwa kazini kwa daktari wa meno, pamoja na masomo maalumu ya jimbo hilo. Leseni huhuishwa kila baada ya kipindi, kwa sharti kwamba mwenyewe ameendelea kujielimisha.

Watumishi wa serikali wanaopokea nyaraka hizi wapambanue maneno manne. Ithibati hupewa chuo, si mtu. Cheti hupewa mhitimu na chuo chake. Leseni hutolewa na mamlaka ya jimbo, na leseni ya jimbo moja haimpi mtu haki ya moja kwa moja ya kufanya kazi katika jimbo jingine, sembuse nchi nyingine. Usajili ni kuandikwa katika daftari la wanataaluma wa nchi fulani. Mwombaji aliyeandika kwamba ana ithibati, huenda anamaanisha mojawapo ya matatu yaliyobaki, na ni haki yake kuulizwa kabla hajakataliwa.

Mipaka ya kazi, na jamaa zake

Kwa jumla mwenye leseni hii huchunguza, hupima, hupiga picha za eksirei, hukwangua, hupaka dawa za kinga na kufundisha. Na katika majimbo mengi hutia sindano ya ganzi. Utambuzi wa mwisho wa ugonjwa, uchimbaji na uzibaji wa meno, na ung'oaji, kwa kawaida ni kazi ya daktari. Sheria za majimbo hutofautiana. Katika jimbo la Colorado anaruhusiwa kufungua ofisi yake mwenyewe, na nchini Uingereza tangu mwezi wa Mei 2013 mgonjwa huweza kumwendea bila kupitia kwanza kwa daktari.

Sasa tumlinganishe na jamaa zake. Mwaka 1921 nchi ya New Zealand, kwa uongozi wa Thomas Hunter, ilianza kuwafundisha wanawake kuhudumia meno ya watoto wa shule. Hawa hawakuishia kwenye kinga. Waliziba na kung'oa meno. Hiyo ilikuwa taaluma nyingine, na tabibu wa kinywa na meno tunayemjua Tanzania yuko karibu zaidi na hiyo kuliko na ile ya Bridgeport. Tabibu huyu husoma stashahada ya miaka mitatu, naye hufundishwa kung'oa na kuziba. Kenya nayo ina maafisa wa afya ya kinywa ya jamii, wanaounganisha kinga na tiba ya msingi.

Kwa hiyo majina yaliyokwisha kuwa na wenyewe ni haya:

Daktari wa meno: mwenye shahada ya udaktari wa meno, anayetambua na kutibu maradhi yote ya kinywa na meno.

Tabibu wa meno: mwenye stashahada, anayetibu maradhi ya kawaida, pamoja na kung'oa na kuziba.

Fundi wa meno: anayetengeneza meno ya bandia na vifaa vingine katika maabara, na kwa kawaida hamtibu mgonjwa.

Muuguzi wa meno: anayemsaidia daktari penye kiti, akimpa vyombo na kumhudumia mgonjwa.

Madhara ya kuyachanganya si ya kubuni. Tuseme cheti cha kazi yetu kimefasiriwa kuwa cha tabibu wa meno, na mwenyewe akapelekwa peke yake katika zahanati ya mbali. Mgonjwa wa kwanza atakayefika na jino lililooza atataka ling'olewe, na huyu hakufundishwa kung'oa. Tuseme tena, kwa upande wa pili, kwamba stashahada ya tabibu wa Tanzania imefasiriwa kwa Kiingereza kwa jina la kazi hii ya kinga. Huko aendako hakuna atakayejua kwamba miaka mitatu aliyosoma ilimfundisha pia kuziba na kung'oa. Katika hali ya kwanza jina limempa mtu mzigo asiouweza. Katika ya pili limemnyang'anya ujuzi alioutolea jasho.

Pendekezo la jina

Tumebaki na msafisha meno. Jina hili ni la Kiswahili safi na linaeleweka, lakini linataja tendo moja tu kati ya mengi, na linamweka mtaalamu wa miaka mitatu ya masomo katika safu moja na msafisha vyoo na msafisha madirisha. Wako wanaoweza kupendelea bwana afya wa meno au bibi afya wa meno. Wazo la kinga limo humo, ila bwana afya anajulikana kuwa mkaguzi wa majumba na masoko, na jina linalobadilika kwa jinsia halifai katika daftari la serikali. Mkinga meno lingekuwa fupi na lenye maana, lakini Mkinga ni mwenyeji wa Makete, naye hatapenda kupewa kazi asiyoiomba.

Kanuni yetu ya kuunda istilahi hutuagiza tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe. Humo tunalikuta neno siha, na kamusi zetu zinalo neno elimusiha, yaani elimu ya kutunza afya. Maana yake inalingana vizuri na ile aliyoikusudia Fones. Tunayo pia desturi ya kujenga majina ya wenye taaluma kwa kiambishi mwana-, kama vile mwanasheria na mwanasayansi. Tunapendekeza, basi, mwanasiha wa kinywa na meno katika hati rasmi, na mwanasiha wa meno katika maandishi ya kawaida. Wingi wake ni wanasiha. Taaluma yenyewe iitwe elimusiha ya kinywa.

Tunakiri kwamba pendekezo hili lina upungufu. Siha ni neno ambalo vijana wengi hulikuta katika ushairi na salamu kuliko katika mazungumzo ya zahanati. Aidha, wanasiha linasikika karibu na wanasihi, yaani watoa ushauri, na msikilizaji asiye makini anaweza kuchanganya. Neno geni huzoeleka kwa kutumiwa, na hatari ya kuchanganya itapungua iwapo maneno wa meno hayataachwa nyuma. Kwa yule ambaye hata hivyo hataridhika, maelezo marefu ya mtaalamu wa kinga ya maradhi ya kinywa na meno ni sahihi, nayo ni afadhali kuliko jina fupi la mtu mwingine.

Hitimisho

Tumeona kwamba jina la kazi hii halikueleweka mpaka tulipoyafuata masomo yake, mafunzo yake ya vitendo, na leseni yake. Njia hiyo itawafaa wafasiri kwa majina mengine ya afya yanayotujia kila mwaka. Kabla ya kuandika jina, mfasiri aiombe orodha ya masomo iliyoambatana na cheti, aisome, na aulize sheria ya nchi husika inamruhusu mwenye cheti kufanya nini. Mwalimu anayemshauri mwanafunzi afanye vivyo hivyo, ili kijana asije akasomea kinga akidhani anasomea tiba.

Tunawaomba wasomaji, hasa walio katika vyuo vya afya na katika kliniki za meno, walijaribu neno mwanasiha mbele ya wagonjwa na wanafunzi wao, na kutuandikia walivyolisikia likipokewa. Kama lipo neno bora linalotumika pwani au bara ambalo sisi hatukulifikia, tutafurahi kulipokea na kuliweka mbele ya wasomaji wengine.